Macho makavu: mwongozo kamili wa kuyatibu, kabla na baada ya chupa ya matone

Ukiingia duka la dawa ukasema macho yanakuchoma, utatoka na chupa. Huenda ikawa ya machozi bandia, huenda ikawa ya antibayotiki usiyoihitaji, na mara nyingi mno inakuwa ya steroidi, dawa inayotuliza jicho kwa siku mbili lakini inayoweza kulipofusha ikitumika miezi. Mteja ametaja dalili, muuzaji ametoa kinachouzika. Lakini macho makavu ni ugonjwa wenye mpangilio wake wa kutibiwa, na katika mpangilio huo chupa haiji kwanza.

Hapa nitaufuata mpangilio huo hatua kwa hatua, pamoja na yale ambayo tafiti za miaka ya karibuni zimeyathibitisha, na moja mbili ambazo zimeyaangusha mambo tuliyoyaamini.

Kinachoendelea ndani ya jicho

Chozi si maji matupu. Juu lina utando mwembamba wa mafuta, katikati maji yenye chumvi na protini, na chini kabisa ute unaoyashikiza maji hayo kwenye konea, ile sehemu angavu ya mbele ya jicho. Maji hutoka kwenye tezi ya machozi, juu ya jicho upande wa nje. Ute hutolewa na seli ndogo zilizotapakaa kwenye ngozi laini inayofunika weupe wa jicho. Mafuta nayo hutoka kwenye tezi za meibomi zilizojipanga ndani ya kope: kope ya juu ina kama 25 hadi 40, ya chini 20 hadi 30, kila moja na tundu lake kwenye ukingo, nyuma kidogo ya pale zinapoota nywele.

Kwa wagonjwa wengi, tatizo huanzia kwenye hayo mafuta. Yakipungua au yakiwa mazito, maji huvukiza haraka mno. Maji yakiondoka chumvi inabaki, na chozi linakuwa la chumvi kali. Madaktari huanza kutilia shaka kipimo kinapofika miliosmoli 308 kwa lita. Seli za uso wa jicho haziivumilii chumvi hiyo. Hutoa kemikali za kuomba msaada, chembe za kinga ziitwazo seli T hufika, na hapo huanza mchochota: wekundu, joto, kuchoma, uvimbe usioonekana kwa macho. Kimeng'enya kimoja kinachotolewa kwenye purukushani hiyo, MMP-9, hukata viungio vinavyozishikanisha seli za konea. Kemikali nyingine, interferoni gama, huziua zile seli za ute. Ute ukipungua chozi halishiki, lisiposhika linavukiza zaidi, na chumvi inazidi kupanda.

Ripoti kubwa ya mwaka 2017 ya TFOS, jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa machozi na uso wa jicho, iliuweka mchochota, pamoja na hitilafu za neva za jicho, ndani ya maana yenyewe ya ugonjwa huu. Zamani vitabu vilizungumzia upungufu wa machozi tu. Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini mtu anaweza kutia matone mwaka mzima na jicho likabaki vilevile: anaongeza maji kwenye jicho ambalo mafuta yake yameziba na kinga yake imechachamaa.

Inaeleza pia lile linalowashangaza wengi: "Daktari, macho yangu yanatiririka machozi, utasemaje makavu?" Konea ikikauka, neva zake hupiga kelele na tezi hufungulia maji kwa wingi. Maji hayo hayana mafuta wala ute wa kutosha, hivyo hayakai. Yanateremka mashavuni, na baada ya dakika chache jicho ni kavu tena.

Hatua ya 1: Hakikisha ni ukavu kweli

Ukavu huhisiwa kama mchanga au moshi ndani ya jicho. Huchoma, huleta uchovu wa macho, na kuona huwa na ukungu unaokwenda na kurudi, ukipepesa unaona vizuri kwa sekunde chache. Kwa kawaida ni macho yote mawili. Kama kinachokusumbua zaidi ni kuwasha, kiasi cha kuyasugua macho mpaka yanauma, fikiria mzio kwanza. Kwa watoto wetu mzio mkali wa macho ni jambo la kawaida sana, na matibabu yake ni mengine.

Nenda hospitali siku hiyohiyo, usisubiri hatua yoyote ya mwongozo huu, ukiona mojawapo ya haya: jicho moja limekuwa jekundu na linauma sana, uwezo wa kuona umeshuka ghafla, mwanga unakuumiza, kuna doa jeupe kwenye konea, linatoa usaha, umechomwa na jani, mbegu au kipande cha chuma, au unavaa lenzi za kuweka ndani ya jicho na limeanza kuuma. Mkulima aliyepigwa na jani la mahindi akaambiwa ana "macho makavu" anaweza kuwa na kuvu anayekula konea.

Yapo mambo mawili ambayo vitabu vya Ulaya huyapitia haraka ila kwetu hayapitiki. La kwanza ni upungufu wa vitamini A kwa mtoto. Mtoto anayejikwaa jioni kwa kutoona gizani, mwenye macho yasiyong'aa au mabaka meupe yenye povu kwenye weupe wa jicho, huyo hahitaji machozi bandia. Anahitaji vitamini A haraka kliniki, hasa kama ametoka kuugua surua. La pili ni trakoma, ambayo wengine huiita vikope. Mtu aliyekulia Kongwa, Turkana au sehemu nyingine kame ambako ugonjwa huo umekuwepo vizazi kwa vizazi anaweza kuwa na makovu ndani ya kope ya juu, na nywele zinazogeuka kuikwangua konea. Kope hiyo inahitaji kupinduliwa na mtaalamu ichunguzwe, na kama nywele zimegeuka, upasuaji mdogo.

Ukishayaondoa hayo, jipime nyumbani. Simama mbele ya kioo mchana, karibu na dirisha. Vuta kope ya chini kidogo utazame ukingo wake. Ukingo wenye afya ni laini, matundu ya tezi hayaonekani sana. Ulioumwa ni mnene, una vimishipa vyekundu, na kwenye matundu kuna vitone vyeupe au vya njano vilivyoganda. Kisha tazama chini huku ukiinua kope ya juu, uangalie mashina ya nywele. Magamba makavu ya mafuta ni jambo moja. Vipete vyeupe vinavyolizunguka shina la unywele kama shanga ni jambo lingine: hiyo ni dalili ya utitiri aina ya Demodex, na nitamrudia.

Hatua ya 2: Punguza kinachokausha

Anza na dawa unazokunywa. Dawa za mzio kama Piriton na setirizini, amitriptilini, na isotretinoini ya chunusi hukausha macho. Matone ya presha ya macho yenye kihifadhi nayo huumiza uso wa jicho. Usiache dawa kwa uamuzi wako, hasa ya presha ya macho. Mwambie aliyekuandikia akuangalizie mbadala.

Halafu upepo. Feni ielekezwe miguuni, kiyoyozi cha gari kisielekezwe usoni, na mwendesha boda boda ashushe kioo cha kofia au avae miwani inayofunika pembeni. Moshi wa kuni na mkaa ni adui wa kila siku kwa mama ntilie, na ushauri wa "epuka moshi" haumsaidii mtu ambaye moshi ndio kazi yake. Kuhamishia jiko upande unakoelekea upepo, hata kwa hatua chache, kunasaidia zaidi ya matone.

Kuhusu simu na kompyuta: mtu hupepesa takriban mara 15 kwa dakika, na akitazama skrini idadi hiyo hushuka hadi nusu au chini zaidi. Baya zaidi, mipepeso yenyewe huwa nusu nusu, kope hazikutani, na mafuta hayasukumwi kutoka kwenye tezi. Shusha skrini iwe chini ya usawa wa macho ili kope zifunike sehemu kubwa. Kila baada ya muda funga macho taratibu, hesabu mbili, bana kidogo, fungua. Rudia mara kadhaa. Zoezi linaonekana la kitoto, lakini haligharimu hata shilingi.

Wanja unaopakwa ndani ya ukingo wa kope, kama ilivyo desturi ya Pwani na Ghuba, huziba matundu ya tezi, na baadhi ya wanja wa kienyeji umepimwa ukakutwa na risasi. Upake nje ya nywele au uache mpaka upone.

Hatua ya 3: Tibu kope

Ningeombwa nichague hatua moja tu, ningechagua hii. Ndiyo inayorukwa zaidi, kwa sababu haina kitu cha kununua.

Mafuta ya tezi zilizougua huwa yameganda kama samli ya asubuhi ya baridi Lushoto: yamo, ila hayamiminiki. Yanahitaji joto la kutosha kwa muda wa kutosha. Joto linalolengwa ni kama nyuzi 40 kwenye kope, kwa dakika 5 hadi 10. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea: wanachovya kitambaa kwenye maji ya moto, wanaweka mara moja, kinapoa baada ya dakika moja, wanasema "nimekanda, haikusaidia."

Fanya hivi. Nawa mikono. Andaa bakuli la maji ya moto ambayo mkono unayavumilia, na vitambaa viwili safi. Kamua cha kwanza, kiweke juu ya macho yaliyofungwa. Kila baada ya dakika mbili badilisha, kimoja kikiwa usoni kingine kiwe kwenye maji, na uongeze maji ya moto bakuli likipoa. Wenye maikrowevu wanaweza kupasha mchele ndani ya soksi safi iliyofungwa, hiyo hukaa na joto muda mrefu zaidi. Jaribu kwanza kwa ndani ya kifundo cha mkono. Ngozi ya kope ni nyembamba na huungua upesi.

Mafuta yakiwa bado ya moto, kamua. Kwa kope ya juu, weka kidole karibu na nyusi, ukitelezeshe kushuka kuelekea nywele. Kwa kope ya chini, telezesha kutoka shavuni kupanda kuelekea nywele. Kandamiza kiasi tu, usilibonyeze jicho lenyewe. Pitia kope yote kutoka pembe hadi pembe.

Mwisho safisha ukingo kwa pamba iliyolowa. Kwa miaka mingi tumeambiwa tutumie shampuu ya mtoto iliyozimuliwa, na mimi siipendekezi tena: utafiti wa Chuo Kikuu cha Auckland uliolinganisha shampuu hiyo na kisafishio maalumu cha kope ulikuta dalili kwamba shampuu inaweza kuzidhuru seli za ute, zilezile ambazo mchochota tayari unaziua. Kisafishio maalumu kikikushinda bei, maji safi yaliyochemshwa yakapoa yanatosha.

Mara mbili kwa siku kwa mwezi wa kwanza, kisha mara moja kila siku. Usitarajie nafuu wiki ya kwanza. Ukiwa na tezi zilizoziba kwa miaka, au chokea kinachojirudiarudia, daktari anaweza kuongeza vidonge vya doksisaiklini au azithromisini kwa muda. Hapa dawa hizo hutumika zaidi kwa uwezo wake wa kutuliza mchochota kuliko kuua vijidudu. Doksisaiklini haimfai mjamzito wala mtoto mdogo.

Sasa yule utitiri. Demodex huishi kwenye mashina ya nywele za kope za watu wengi bila shida, lakini wakizidi husababisha mchochota wa ukingo na kuwasha, hasa asubuhi. Kwa muda mrefu tiba ilikuwa mafuta ya mti wa chai, ambayo yakiwa makali huunguza jicho. Usiyapake wewe mwenyewe kutoka kwenye chupa ya dukani. Julai 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha matone ya lotilaneri ya asilimia 0.25, mara mbili kwa siku kwa wiki 6. Ni dawa ileile ambayo madaktari wa mifugo huwapa mbwa dhidi ya viroboto na kupe. Katika majaribio mawili makuu, asilimia 44 na 56 ya waliotumia walisafishika vile vipete, dhidi ya asilimia 7 na 13 ya waliotumia matone yasiyo na dawa. Matokeo mazuri, japo bei yake huko Marekani inatisha.

Hatua ya 4: Machozi bandia, na namna ya kuyatia

Sasa chupa. La kwanza la kutazama kwenye boksi ni kihifadhi. Kinachotumika zaidi ni benzalkoniamu kloridi. Kwenye lebo tafuta herufi BAK au neno refu linaloanza na "benzalk". Huua bakteria ndani ya chupa, lakini pia huvunja utando wa mafuta na kuumiza seli za konea. Ukitia mara moja moja si neno. Ukihitaji zaidi ya mara nne kwa siku, nunua yasiyo na kihifadhi, ama vichupa vya matumizi ya mara moja, ama chupa zenye kichujio maalumu mdomoni.

Pili, aina. Selulosi (karboksimethili au haidroksipropili) na asidi ya haialuroniki ndizo za kawaida na zinafaa kuanzia. Kama ukingo wako wa kope ulionyesha tezi zilizoziba, yenye mafuta ndani yake itakufaa zaidi. Jeli na malhamu ni za usiku kwa sababu huleta ukungu. Matone ya "kuondoa wekundu" hayamo kwenye orodha hii kabisa: hubana mishipa ya damu, jicho linakuwa jeupe kwa saa chache, kisha wekundu unarudi kwa kisirani.

Kutia tone kuna ufundi wake. Inua uso, vuta kope ya chini uwe mfuko, shika chupa juu bila mdomo wake kugusa nywele wala jicho, achia tone moja. Moja linatosha: tone huwa na kama mikrolita 40 hadi 50, na jicho haliwezi kubeba zaidi ya 30 hivi, la pili linaishia shavuni. Funga macho taratibu kwa dakika moja, usipepese kwa nguvu. Kama una dawa nyingine ya matone, acha dakika 5 katikati. Malhamu iwe ya mwisho.

Usafi wa chupa si jambo la kupuuza. Mwaka 2023 Marekani ilikumbwa na mlipuko wa bakteria sugu aina ya Pseudomonas uliohusishwa na machozi bandia yasiyo na kihifadhi yaliyotengenezwa India: watu 81 katika majimbo 18 waliambukizwa, 14 walipoteza uwezo wa kuona na 4 walifariki. Hiyo haimaanishi uyakimbie yasiyo na kihifadhi. Maana yake ni kwamba kichupa cha mara moja kikishafunguliwa hakilali mpaka kesho, boksi lisilo na namba ya usajili halinunuliwi, na chupa haiazimwi, hata kwa mke au mume. Asali, maziwa ya mama, utomvu wa mimea na dawa nyingine za kienyeji zisikaribie jicho. Hospitali zetu zinapokea konea nyingi zilizoharibika kwa njia hiyo.

Hatua ya 5: Kutuliza mchochota

Kama umefanya hatua ya 2 hadi 4 kwa uaminifu kwa wiki sita au nane na bado unateseka, hapo ndipo unapohitaji daktari wa macho na dawa ya kutuliza mchochota. Ni sehemu ambayo utafiti umesonga zaidi, na pia ndiyo yenye hatari kubwa kwa anayejitibu.

Tuanze na steroidi. Zinafanya kazi, na haraka. FDA iliidhinisha hata aina moja laini, loteprednoli ya asilimia 0.25, mahususi kwa macho makavu mnamo Oktoba 2020, lakini kwa wiki mbili tu. Wiki mbili hizo ndizo kiini cha habari. Steroidi ikiendelea, shinikizo ndani ya jicho linaweza kupanda bila maumivu yoyote na kuua neva ya kuonea, ndiyo presha ya macho hiyo. Huharakisha mtoto wa jicho. Na kama kuna kuvu au kirusi cha hepesi kwenye konea, huwa ni kumwaga petroli motoni. Kwenye maduka yetu dawa hizi zinauzwa bila cheti, mara nyingi zimechanganywa na antibayotiki ndani ya chupa moja. Soma lebo: neno likianza na "dexa", "predni" au "betame", umeshika steroidi. Usiitumie bila aliyelipima jicho lako, na usiitumie iliyobaki ya mwaka jana.

Dawa za mwendo mrefu ni nyingine. Siklosporini ndiyo kongwe: ilitokana na kuvu wa udongoni, ikaanza kuwasaidia waliopandikizwa figo, na mwaka 2002 FDA ikaiidhinisha kama matone ya asilimia 0.05. Huzizuia seli T zisiamke. Matarajio yawe ya kweli: katika majaribio yaliyoiidhinisha, asilimia 15 ya waliotumia waliongeza machozi kwa milimita 10 au zaidi, kwenye karatasi ya kupimia machozi, ndani ya miezi sita, dhidi ya asilimia 5 ya wasioipata, na asilimia 17 walilalamika kuchomwa. Ni dawa ya subira, miezi mitatu hadi sita, na wengi huiacha wiki ya tatu kwa sababu inachoma na hawaoni tofauti. Ndiyo maana madaktari wengine huanza na steroidi laini kwa wiki mbili ili kuvuka kipindi hicho. Tangu hapo zimekuja aina kali kidogo: Ulaya waliidhinisha ya asilimia 0.1 mwaka 2015, Marekani ya asilimia 0.09 mwaka 2018 na isiyo na maji kabisa mwaka 2023. Viwanda vya India navyo vinatengeneza ya asilimia 0.05, kwa hiyo uliza upatikanaji wake kabla hujakata tamaa kwa bei ya Marekani.

Lifitegrasti ilifuata Julai 2016. Yenyewe huzuia seli T zisinate kwenye seli za uso wa jicho. Hutiwa mara mbili kwa siku, na baadhi ya watu huanza kupata nafuu baada ya wiki chache. Baadhi ya watumiaji husikia ladha mbaya kooni. Si ajabu, machozi humwagikia puani.

Kupima kama mchochota upo kweli kunawezekana pia. Tangu 2013 kuna kipimo kidogo kinachogusishwa ndani ya kope ya chini na baada ya dakika 10 kuonyesha mstari mwekundu kama MMP-9 imezidi nanogramu 40 kwa mililita. Kliniki nyingi huku hazina, na mtaalamu mwenye darubini nzuri hatakwama kwa kukikosa.

Dawa mpya zinazopita njia nyingine

Hizi nazieleza kwa ufupi, kwani wengi wetu tutazisoma kabla ya kuziona. Varenikilini, ileile ya kuwasaidia watu kuacha sigara, iliidhinishwa Oktoba 2021 kama dawa ya kupuliza puani: huamsha neva ya puani, neva ikaamsha tezi ya machozi. Wengi wa walioitumia walipiga chafya, asilimia 82. Perfluoroheksiloktani, iliyoidhinishwa Marekani Mei 2023, ni tone lisilo na hata chembe ya maji. Hukaa juu ya chozi badala ya mafuta yaliyokosekana na kuzuia lisivukize. Akoltremoni ya Mei 2025 huamsha vihisio vya baridi kwenye konea, navyo vikaagiza machozi. Wajapani wao tangu 2010 wana dikwafosoli, inayochochea maji na ute kwa pamoja.

Na ile moja iliyoanguka? Mafuta ya samaki. Kwa miaka mingi vidonge vya omega-3 vilipendekezwa kwa kila mwenye macho makavu. Mwaka 2018 utafiti wa DREAM nchini Marekani uliwachukua watu 535, wengine wakapewa gramu 3 za omega-3 kwa siku, wengine mafuta ya zeituni, mwaka mzima. Makundi yote mawili yalipata nafuu, pointi 13.9 na 12.5 kwenye kipimo cha dalili, na tofauti hiyo haikuwa na uzito wa kitakwimu. Kula dagaa na vibua kwa sababu ni chakula kizuri. Pesa ya vidonge nunulia machozi yasiyo na kihifadhi.

Hatua ya 6: Hospitalini

Kliniki kubwa za macho kama CCBRT Dar es Salaam, KCMC Moshi au hospitali ya Kikuyu nchini Kenya zina vifaa vya msingi vinavyotosha. Cha kwanza ni rangi ya njano itakayodondoshwa jichoni chini ya mwanga wa bluu. Utaambiwa upepese kisha uache. Daktari anatazama utando ukitandaza kijani sawasawa, huku akihesabu, mpaka doa la kwanza jeusi litokee mahali chozi lilipopasuka. Chini ya sekunde 10 ni dalili ya tatizo. Cha pili ni kipande cha karatasi kinachoning'inizwa kwenye kope ya chini kwa dakika 5: kikilowa milimita 5 au pungufu, tezi ya machozi yenyewe ina upungufu.

Upungufu wa namna hiyo, ukiambatana na mdomo mkavu kiasi cha kushindwa kumeza ugali bila maji, viungo vinavyouma na uchovu usioisha, unadai vipimo vya damu vya ugonjwa wa Sjögren, uliopewa jina la daktari wa macho wa Uswidi aliyeueleza mwaka 1933. Ni ugonjwa wa mwili mzima, na mara nyingi jicho ndilo hulalamika kwanza. Wenye ukavu mkali kama huo, au waliopata makovu ya macho baada ya mwili kukataa dawa kama za salfa, wanaweza kufaidika na vizibo vidogo vinavyowekwa kwenye mifereji ya machozi, au matone yaliyotengenezwa maabara kutokana na damu yao wenyewe. Vizibo visiwekwe mchochota ukiwa umepamba moto, kwa sababu vitalifanya chozi chafu libaki palepale. Mashine za mwanga na za joto zinazotangazwa mitandaoni zina ushahidi kwa walio na tezi zilizoziba, ila zinarudiwa kila baada ya muda na hazifuti hitaji la kukanda nyumbani, nisingezikopea pesa.

Siku ya kwenda, beba mfuko wenye dawa zako zote, za macho na za kumeza, hata chupa tupu. Usitie matone yoyote kwa muda wa saa mbili kabla ya kupimwa. Uliza maswali matatu: tezi zangu za mafuta zimeziba au zimekufa, konea ina michubuko, na kuna mchochota kiasi gani. Ukiandikiwa steroidi, ongeza mawili, tarehe ya kuiacha na tarehe ya kurudi kupimwa shinikizo la jicho, na uziandike zote mbili kwa kalamu juu ya boksi la dawa kabla hujatoka chumbani.